Andika Wawili

Shemeji yangu Zedekia ana mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomponza. Aliishia darasa la saba huko Nyakiyumbu, chini ya mwalimu mmoja aliyechapa watoto viboko kwa herufi zilizolala. Mpaka leo ukimwona Zedekia akiandika risiti ya gasi ya friji, utadhani anaandika cheti cha ubatizo. Hakati neno wala hafuti. Amemwoa dada yangu Mbambu, basi nina haki ya kumcheka. Lakini nawaambia mapema, habari hii haina kicheko kingi.

Alikuwa fundi wa friji. Kutoka Bwera mpaka Mpondwe, pale mpakani na Kongo, hapakuwa na friji ambayo hajaifungua tumbo. Samaki wetu hutoka ziwani kule Katwe alfajiri, na ikifika saa tano jua limeshaanza kumla kabla ya mnunuzi. Umeme nao ulikuwa ukikatika mara tatu kwa siku, kompresa zikifa kama kuku wa kideri. Kwa hiyo Zedekia hakulala njaa, na wanawake wa soko la samaki walimsalimia kwa heshima kuliko walivyomsalimia padri.

Kisha ikaja habari ya mtambo wa ubaridi. Tuliitwa Kasese, hotelini, kwenye ukumbi wenye feni nne zisizozunguka, tukaelezwa na injinia mmoja kijana aitwaye Kenneth. Badala ya kila mtu kuhangaika na friji yake, ingejengwa nyumba moja ya mitambo upande wa juu wa soko. Mitambo hiyo ingepoza maji ya chumvi mpaka yawe makali kama barafu, na paipu zingeyapeleka chini ya ardhi mpaka ukumbi wa samaki, ghala la maziwa, stoo ya dawa ya hospitali ya kanisa, na chumba cha maiti cha hospitali hiyo hiyo. Maji yangeacha ubaridi wake huko na kurudi kupozwa tena. Ungekuwa ubia wa miaka ishirini. Serikali ilitoa ardhi, kampuni ingejenga na kuendesha, na soko na hospitali waliahidi kutotafuta ubaridi kwingine kwa miaka yote hiyo.

"Wazee wangu," alisema Kenneth, na alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia, "mtambo ni kama sufuria. Kabla ya kununua sufuria, lazima ujue wageni ni wangapi. Paipu itakuwa nene au nyembamba kwa hesabu mtakayonipa. Na tukishaizika, tumeizika. Wabia watakaa kuhesabu upya baada ya miaka mitano. Kabla ya hapo hakuna kuchimba."

Akauliza ni nani anayejua friji zote za Bwera. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama shemeji yangu. Hivyo ndivyo alivyopewa fomu, kalamu na fulana ya kampuni.

Alianza na wanawake wa samaki. Sasa, wanawake wale wengi ni Wakongo, wametoka upande wa Beni na Butembo wakikimbia vita, na wameandikishwa maisha yao yote. Wameandikishwa kwa blanketi, kwa magodoro, kwa ndoo, kwa sabuni. Wanajua kwamba mwandikishaji husikia tatu akatoa moja. Aliyewashinda wote kwa kujua alikuwa Aimée, mama mfupi mwenye sauti ya kengele, ambaye mumewe Sosthène alikuwa seremala wa vitanda pale kando ya soko.

"Miye niko na friji tatu," Aimée akasema.

"Mama Aimée, friji yako iko moja. Mimi mwenyewe nilibadilisha feni yake mara mbili."

"Fundi, andika tatu. Zingine mbili beko njiani."

"Njia gani?"

"Njia ya Mungu. Weye andika tu!"

Wote wakacheka, Zedekia naye akacheka, akaandika tatu kwa mwandiko ule wa ubatizo. Na wengine wakafuata. Friji arobaini na moja zikawa mia moja na kumi. Alijua, na nilimuuliza baadaye kwa nini alikubali, akasema fundi hamuumbui mteja mbele ya watu.

Siku ya pili akaenda chumba cha maiti. Hapo alikuwepo Mzee Kiiza, mlinzi wa maiti, mtu mwembamba asiyependa maneno, ambaye ameosha wafu wa Bwera tangu mimi sijaota ndevu. Mle ndani palikuwa na friji kuukuu ya watu sita, iliyokufa zamani, ambayo Kiiza alikuwa akiwekea ndoo. Fomu iliuliza swali moja: katika miaka ishirini ijayo, siku yenye maiti wengi kuliko zote, watakuwa wangapi?

Zedekia akalisoma.

"Leo iko wawili," Kiiza akasema.

"Mzee, haiulizi leo. Inauliza ile siku itakuwa na watu mingi."

"Wewe unataka mimi niite watu?" Kiiza akasimama. "Ukitaja hesabu, umewaita. Kesho ukisikia basi imeanguka, utasema nini? Utasema Kiiza alisema kumi, na Mungu akaleta kumi? Andika wawili."

Msimcheke mzee huyo. Kwetu hata watoto wako huwezi kuwahesabu kwa kidole mbele ya watu, na mama mjamzito humuulizi siku. Je, utawahesabu wafu ambao bado wanakunywa chai majumbani mwao? Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Zedekia angeweza kuandika sita, kwa kutazama tu ile friji ya ndoo. Kalamu ilikuwa mkononi mwake na hakuna aliyemsimamia. Aliniambia kwamba alijaribu, na mkono ukakataa, kwa sababu alimwona mama yake akilima kwake Munkunyu, akamwona Mbambu, akawaona watoto, na hakujua katika hao sita angekuwa anaandika nani.

Akaandika wawili. Kenneth aliipokea fomu, akauliza, "Una hakika?" Zedekia akajibu kwamba ndivyo walivyosema wenyewe.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kwa samaki aliandika uongo na kwa wafu akaandika ukweli.

Mtambo ukajengwa. Waliounganishwa walitakiwa kutoa friji zao za zamani, na siku lori lilipokuja kuzibeba, Zedekia alisimama barabarani akizitaja moja baada ya nyingine, hii ya Mama fulani, hii niliifunga waya mwaka ule wa mafuriko. Kazi yake ilipanda lori pamoja nazo. Kampuni ikampa nyingine ya kuangalia vali, kufungua na kufunga, kusoma mishale ya vipimo, kuandika daftari. Na ubaridi ulikuwa mzuri, tuseme haki. Ukumbi wa samaki ulikuwa na masanduku ya ukutani mia moja na kumi, yenye namba, meupe, na zaidi ya nusu yalikuwa matupu. Yalipozwa hivyo hivyo, usiku na mchana, yakingoja samaki ambao hawakuwahi kuvuliwa. Aimée alikuwa na namba kumi na nane, kumi na tisa na ishirini, na aliyotumia ni moja. Kule hospitali paipu ilikuwa nene kama kidole gumba, ikipoza rafu mbili. Ile friji ya ndoo iliuzwa kama chuma chakavu.

Miaka mitatu Kiiza alijikaza. Maiti wa tatu akija, aliwaharakisha ndugu wazike. Watu wa hapa huzika upesi, basi shida ikafichika. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Mwaka wa nne, mwezi wa pili, jua likiwa kali hata mbwa hawabweki, Kenneth alileta fomu mpya ili ijazwe mapema, kabla ya mkutano wa wabia. Zedekia akaitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukaning'inia msumarini kwake wiki tatu. Kila mstari aliujaza, isipokuwa ule mmoja. Mbambu alimuuliza mara mbili, na mara mbili akasema atakwenda kwa Kiiza kesho.

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, lori la mbao lilikatika breki kwenye mteremko wa soko, likarudi kinyumenyume mpaka kwenye karakana ya vitanda. Watu wanne walikufa. Watatu walikuwa wa hapa hapa, na kufikia kesho yake mchana walikuwa wamekwisha kuzikwa. Wa nne alikuwa Sosthène, mume wa Aimée.

Nilikuwepo Aimée alipompigia simu mama mkwe wake, Mama Benedicte, kule Butembo. Simu ilikuwa na sauti kubwa, kila mtu akasikia. Mama yule hakulia. Aliuliza kitu kimoja.

"Eko na uso?"

"Ndiyo, Mama. Uso haina kitu. Ni kifua."

"Basi musimuzike. Ninakuja. Paulin nilimuzikaka shati. Shati tena hapana, Aimée. Unasikia? Huyu nitamuona."

Paulin alikuwa mwanawe mdogo, aliyeuawa porini nyuma ya Beni, na hawakumpata. Walizika shati lake la shule. Tangu siku ile, Aimée alituambia, mama yule hakuamini kwamba mtoto amekufa, na kila jioni alimwekea sahani. Hakukuwa na mtu pale aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Ndipo Zedekia akafungua kinywa. "Mama Aimée, nitamuweka mpaka mama afike. Mimi ndiye mwenye vali." Alisema hivyo mbele ya watu, kwa sauti. Ahadi ni deni, na yeye aliikopa bila kutazama mfukoni.

Kwa sababu rafu zote mbili zilikuwa na watu. Walikuwa watu wawili wasiojulikana, mmoja aliokotwa mtoni, mwingine kando ya barabara ya Rukoki, na polisi walikuwa wameweka lakiri wakingoja karatasi ya mahakama. Zedekia alikwenda kituoni kumwomba Afande Oryem, mwenye kesi hiyo.

"Namba moja na namba mbili ni ya polisi," Oryem akasema. "Hakuna kugusa! Wewe fundi, unataka kulala ndani?" Kisha akashusha sauti, kwani naye ana mama kule kwao kaskazini. "Ningekuwa na uwezo ningesaidia. Sina. Enda."

Akampigia Kenneth. Kenneth alikuwa Kasese, akasikiliza mpaka mwisho.

"Vali umeifungua yote?"

"Yote."

"Basi ni paipu. Mzee, ile paipu haiwezi kutoa zaidi. Ukimweka wa tatu mle, watapata joto wote watatu, na wale wawili ni ushahidi wa serikali." Kisha akaongeza, "Pole sana. Hesabu ilikuwa wawili."

Hakumlaumu. Afadhali angemlaumu.

Sosthène alilazwa kwenye meza ya saruji, katika chumba chenye bati juu. Jioni ile Zedekia alimvuta Aimée kando, na mimi nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mama Aimée, namba kumi na tisa yako iko tupu. Na ishirini iko tupu. Ni baridi sana."

Aimée alimtazama kana kwamba amemtemea mate. Kisha uso wake ukabadilika, nikaona kwamba na yeye alikuwa ameshalifikiria, na alikuwa amelia kwa sababu ya hilo. "Fundi," akasema polepole, "wamama arobaini na moja banauzisha mule. Batu bakisikia mufu alilala na samaki, nani atanunua? Watoto wao watakula nini? Na mie pia, watoto yangu?" Akafuta pua kwa kitenge. "Nilisema tatu. Nilisema tatu kwa kinywa yangu, na moja njo ilikuwa ya Sosthène, sikujua."

Basi ikawa barafu. Wanawake wale hawakumwacha mwenzao, nawasifu. Walivunja barafu ya kwenye masanduku yao, wakaileta kwa mabeseni vichwani, mbio, ikidondoka shingoni mwao, mara nne kwa siku. Ilinuka samaki, ngege na kambare, na Kiiza aliipanga kuzunguka mwili. Jumatano ikapita. Mama Benedicte alipiga simu kutoka Beni: magari yote yamezuiwa, yanangoja msafara wa wanajeshi, kwani barabara ya kuja mpakani ilishambuliwa juzi. Alhamisi akapiga tena, bado wako Beni. Ijumaa asubuhi akapiga akasema wametoka, wako polepole, daraja moja limeharibika. Zedekia alikuwa hali wala haogi. Alishinda kwenye nyumba ya mitambo akigusa ile paipu ya kidole gumba kwa kiganja, kana kwamba ingenenepa.

Ijumaa saa tisa mchana bati lilikuwa likilia kwa joto, na barafu haikufika mlangoni ikiwa barafu. Kiiza alitoka nje, akavua glavu, akaketi kwenye ngazi karibu na Aimée.

"Binti yangu," akasema. "Mpaka sasa iko uso. Kesho haiko. Ukingoja, mama atakuja kuona kitu ambacho hatasahau."

Aimée akauliza kama hakuna njia nyingine. Kiiza akamtazama Zedekia, kisha akavaa tena glavu zake.

Walimzika saa kumi na moja jioni, kwenye makaburi ya kanisa. Kabla jeneza halijafungwa, Aimée alimpiga picha kwa simu. Jeneza lilikuwa la mbao za vitanda alivyokuwa akitengeneza marehemu mwenyewe, na mmoja wa mafundi wenzake aliupiga msumari huku akilia kwa sauti kama mtoto. Mimi nililia pia, sioni haya.

Mama Benedicte alivuka mpaka Jumamosi saa tano asubuhi. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, na mkononi alibeba suti nyeusi ya kumvika mwanawe, imekunjwa kwenye kitambaa cheupe. Hakuna aliyethubutu kumwambia njiani. Alipoona matanga yamekaa kama watu waliotoka kuzika, wala si kama wanaongojea kuzika, alielewa mwenyewe. Aliketi chini palepale alipokuwa amesimama.

Aimée akamtolea simu. Mama akaishika, akaitazama ile picha kwa muda, akaigeuza akatazama mgongo wake, akaigeuza tena.

"Hii ni simu," akasema, akamrudishia.

Tukakaa. Jioni akaanza kuuliza maswali, moja moja, bila hasira, kama mtu anayetafuta funguo. Juu ya nini hakungojewa? Akaambiwa hapakuwa na nafasi kwenye baridi. Juu ya nini hapakuwa na nafasi? Akaambiwa nafasi ni mbili. Nani aliweka mbili?

Kiiza alikuwa pale, ameegemea ukuta, amefumba macho. Ningependa kusema kwamba shemeji yangu alisimama mara moja, lakini hakusimama mara moja. Mbambu ndiye aliyemgusa bega.

"Ni mimi, Mama," Zedekia akasema. "Niliulizwa wafu watakuwa wangapi. Niliogopa kuwaita. Niliandika wawili."

Nilingoja amtukane. Nadhani hata Zedekia alitamani atukanwe.

"Miye pia ningeogopa," Mama Benedicte akasema. "Karatasi iko wapi?"

"Ile ya zamani iko kwa kampuni. Mpya iko nyumbani. Wanahesabu tena."

"Ilete."

Niliifuata mimi kwa pikipiki. Nikarudi na ule mfuko wa plastiki, Zedekia akaitoa fomu, akaiweka juu ya goti, kalamu kwenye ule mstari mtupu. Watu waliokuwa wakiimba wakaacha.

"Andika mingi," mama akasema.

Akaandika kumi na mbili. Aliandika vizuri, kama kawaida yake, kila herufi imesimama wima. Kiiza akafumbua macho, akaona, akageukia ukutani.

"Umeandika ngapi?"

"Kumi na mbili, Mama."

"Na miye umenitia?"

"Mama, wewe unakaa Butembo."

"Kule kwangu hamuna mutu tena. Sirudi. Nitakufia hapa pa mutoto yangu." Akaifungua ile suti nyeusi, akaikunja upya, akaiweka mapajani. "Nitiye."

Zedekia akapiga mstari juu ya kumi na mbili, akaandika kumi na tatu.